Kabati la droo nne na faili za kuning'inia: uzoefu wangu kwenye masijala ya Kisumu

Kabati la chuma la droo nne ni kitu kizuri, na faili zake za kuning'inia ni nzuri zaidi. Lebo za herufi A hadi Z zilizokuja nazo siwezi kumshauri mtu yeyote wa huku kwetu azitumie.

Mimi ni karani wa masijala katika sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu. Kila mwanachama ana faili yake: fomu ya kujiunga, nakala ya kitambulisho, fomu za mkopo, barua za wadhamini. Zamani karatasi hizo zote zilikuwa kwenye boksi faili juu ya rafu za mbao, zimepangwa kwa alfabeti. Sasa hebu fikiria alfabeti ya Kisumu. Wajaluo wengi majina yao hufuata saa au hali ya kuzaliwa, wanaume kwa O na wanawake kwa A: Otieno, Odhiambo, Onyango, Ochieng; Atieno, Adhiambo, Anyango, Achieng. Wenzetu Waluhya nao, akina Wafula, Wekesa na Wanjala, wanajazana kwenye W. Boksi la O lilikuwa limevimba hata mkono wake wa chuma haufungi, na la Q na la X hayana kitu. Ukimtafuta Achieng mmoja unakuta kundi zima, na wawili wana majina yote matatu yaleyale. Pale penye pesa za watu hilo ni jambo la hatari. Fomu ya mkopo ya huyu ikiingia kwenye faili ya yule, anayepigiwa simu alipe ni mdhamini asiyehusika kabisa.

Kwa hiyo kabati lilipofika tulipanga kwa namba ya uanachama. Faida kubwa ni kwamba mwanachama mpya anakaa mwisho wa mstari. Husukumi wala huhamishi faili ya mtu ili kumtengenezea nafasi. Majina yako kwenye daftari moja, kwa alfabeti, na kando ya kila jina pana namba ya faili na namba ya kitambulisho. Juzi mama mmoja muuza samaki alifika akiwa na haraka ya kurudi sokoni. "Binti yangu, niangalilie kama bado namdhamini yule jirani yangu." Nikamwambia, "Naomba kitambulisho, mama." Daftari, namba, droo ya pili, faili mezani. Hakuwahi hata kukaa kwenye benchi.

Kuhusu faili zenyewe: kila moja ni mfuko wa karatasi ngumu wenye vyuma viwili juu, na ncha za vyuma hivyo zina ndoano zinazokaa juu ya reli za droo. Hailali wala haipindi, hata ikiwa na karatasi tatu tu ndani. Kilebo cha plastiki nakibandika upande wa mbele, maana ukikivuta faili inafunguka palepale na karatasi inaingia bila kuitoa nzima. Angalieni sana saizi. Kabati letu lina reli za fulskepu, saizi ndefu kidogo kuliko A4, na duka moja lilituletea faili za A4. Vyuma vyake ni vifupi, ndoano hazifiki reli ya pili, zote zikaanguka chini ya droo. Ilibidi zirudishwe. Pima upana kati ya reli kabla hujalipa.

Kabati lilitugharimu zaidi ya shilingi 20,000, na kwangu thamani yake iko kwenye mambo mawili ambayo muuzaji hakuyataja. La kwanza, droo zinatembea kwa gololi na zinatoka hadi mwisho, kwa hiyo faili ya nyuma kabisa unaifikia. La pili, ukifungua droo moja zile nyingine zinajifunga. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina kilo 2.5, droo iliyoshiba inaweza kupita kilo 25. Zikitoka mbili za juu kwa pamoja, kabati zima linaweza kumwangukia mtu. Ukinunua lililotumika, jaribu jambo hilo mbele ya muuzaji. Halafu jaza droo ya chini kwanza, na kila droo iachie nafasi ya kiganja ili vidole vipite.

Unyevu wa ziwa ni adui wa chuma, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei. Tumelipandisha juu ya vipande vya mbao na kuliacha mbali kidogo na ukuta. Pini za chuma nimezipiga marufuku, kwani zinashika kutu na kutoboa nakala za vitambulisho. Kufuli moja inafunga droo zote nne, na hilo si pambo: tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, karatasi za wanachama si za kuachwa wazi mezani.

Kitu ambacho kabati haliwezi kukufanyia ni kujua nani amechukua faili. Kila faili ikitoka, mahali pake naweka kadi nyekundu yenye jina la aliyeichukua na tarehe. Meneja alinung'unika mwanzoni, sasa yeye mwenyewe ndiye anayeulizia kadi.

Boksi faili hatujazitupa. Faili za wanachama waliojitoa na risiti za miaka iliyopita zimehamia humo, kwa mwaka, kwenye rafu za chuma alizotuchomelea fundi wa soko la Kibuye kwa kazi safi sana. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo mgongoni mwa kila boksi nimeandika mwaka wake na mwaka wa kulipitia tena. Kama ofisi yako ina faili chache zinazotosha rafu moja, baki na boksi faili, ila zipe namba leo.