Filta za oili na petroli za Land Rover ya zamani, zilizotengenezwa Nyakato: uzoefu wangu

Gari langu ni Land Rover Series IIA ya petroli, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971, lenye injini ya silinda nne ya cc 2,286. Filta yake ya oili si kopo la kufungwa kwa kuzungusha kama zile za Toyota zilizojaa hapa Mwanza, bali ni kichujio cha karatasi kinachotumbukizwa ndani ya kikombe cha chuma, na kikombe hicho hubanwa kwenye injini kwa boliti moja ndefu inayopita katikati. Vichujio hivyo bado vinapatikana Uingereza, lakini gharama ya kusafirisha kimoja hadi huku huzidi bei ya kichujio chenyewe. Cha mwisho nilichouziwa na duka moja la vipuri kilikuwa na urefu sahihi lakini tundu lake lilikuwa pana kuliko kiti chake, kwa hiyo oili ilipita pembeni bila kuchujwa. Ndiyo maana niliamua kupeleka kazi hiyo kwa fundi mchonga vyuma mwenye karakana ndogo huko Nyakato, hapahapa Mwanza.

Nilichokipenda mapema ni kwamba hakuanza na karatasi. Alianza na kikombe, akakagua springi ya chini inayosukuma kichujio juu ili kisiache mwanya, kisha akachukua sindano nene na kuchokoa mfereji ulio kwenye kichwa cha filta, akatoa oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) kuukuu iliyokuwa imekakamaa na kugeuka rangi ya chuma. Gari likivuja hapo, mara nyingi sababu ni kwamba mtu ameweka oringi mpya juu ya ile ya zamani bila kujua kwamba ipo. Oringi mpya alinikatia ya mpira unaostahimili oili, kwa kuwa mpira wa tyubu za baiskeli, ambao mafundi wengine huutumia, huvimba na kulainika ukikaa ndani ya oili ya moto.

Karatasi yenyewe huipata kwa kununua kichujio kipya cha lori, chenye karatasi ya kukunjwakunjwa iliyoloweshwa gundi maalumu kiwandani, na kuikata kwa urefu unaotakiwa. Katikati huweka bomba la bati lililotobolewa matundu mengi, kwa sababu oili huingia kutoka nje kwenda ndani, na bila bomba hilo presha ingeiponda karatasi. Vifuniko vya juu na chini huvikata kwa bati, huvimwagia gundi ya epoksi, na kuisimamisha karatasi humo hadi gundi ikauke kabisa.

Baada ya hapo hufanya jaribio ambalo, kwangu mimi, ndilo linalohalalisha bei yake. Huziba tundu moja la kichujio, hukizamisha kwenye beseni la mafuta ya taa, na kusukuma hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la pili. Karatasi nzima ikiwa salama, mapovu madogo huanza kutoka polepole kwenye uso wake. Gundi ikiwa na ufa, povu kubwa hutangulia kutoka ukingoni kabla karatasi haijatoa lolote. Kichujio changu cha kwanza kilitoa povu la namna hiyo kwenye kifuniko cha chini, naye alikitupa bila kubishana na kutengeneza kingine.

Mimi hubadilisha oili kila kilomita 3,000, na wakati wa kubadilisha nilikipasua kichujio hicho cha pili kwa msumeno ili nione ndani. Mikunjo ilikuwa imesimama, gundi haikuwa imelainika, na uchafu ulikuwa umetapakaa sawasawa pande zote, dalili kwamba oili haikuwa imepata njia ya mkato.

Upande wa petroli kazi ilikuwa ndogo zaidi. Pampu ya mafuta ina bakuli la kioo lenye wavu, na wavu wangu ulikuwa umetoboka. Mimi huenda Ukerewe mara kwa mara kwa kivuko cha Kisorya, na petroli ya visiwani, inayouzwa kutoka kwenye madumu, aghalabu huwa na maji. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini ya bakuli na unayaona kwa macho. Fundi alikata wavu mpya wa shaba, akanitengenezea gasketi (kipande bapa cha kuzuia uvujaji) ya koki, yaani gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, na bakuli halijavuja tangu hapo. Alipendekeza pia filta ya plastiki ya bodaboda, nikakataa. Inatosha pikipiki ya cc 125, si injini hii. Wenye Land Rover za dizeli zinazotumia kichujio cha mafuta cha aina ya CAV 296 hawana haja ya kuhangaika hata kidogo, maana ndicho kilichomo kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson na maduka ya zana za kilimo huwa nacho.

Kichujio cha oili kilinigharimu shilingi 35,000, na wavu pamoja na gasketi shilingi 15,000. Malalamiko yangu ni mawili: ahadi ya “njoo kesho” hurudiwa kupita kiasi, na fundi hahifadhi vipimo, kwa hiyo kila oda huanza upya. Kwa anayeendesha gari kila siku, ningemshauri alipe zaidi na kuchongewa kipande cha kuunganishia filta ya kisasa chenye thredi ya inchi 3/4, meno 16 kwa inchi, ambayo filta nyingi za Toyota huitumia. Mimi nimebaki na kikombe cha asili kwa sababu nataka gari libaki lilivyotoka kiwandani, na nakiri kwamba huo ni ukaidi wa mpenzi wa magari ya kale.

Atakayekwenda abebe kikombe, springi, washa (pete bapa za boliti) zote na kichujio cha zamani hata kama kimechakaa, na asilipe kabla jaribio la mapovu halijafanyika mbele yake.