MCAD na LCHAD: mawese ya Kigoma yanamfaa mtoto yupi?
Watoto wenye magonjwa haya ya kurithi hukosa kimeng'enya cha kuchoma mafuta mwilini (MCAD ni cha mafuta ya minyororo ya kati, LCHAD ni cha minyororo mirefu); wakikaa na njaa au wakipata homa, sukari ya damu hushuka, nao hulegea. Chakula ndipo yanapoachana. Mwenye LCHAD hupunguziwa sana mawese na karanga, maana mafuta yake ni ya minyororo mirefu. Daktari humwandikia mafuta ya MCT, yaani ya minyororo ya kati. Mwenye MCAD hula mawese kama wenzake, lakini MCT ni hatari kwake (mafuta ya nazi pia aepuke, kwani yana minyororo ya kati). Yeyote kati yao akitapika au akikataa kula, msisubiri sukari ishuke kwenye kipimo: mkimbizeni hospitali, awekewe dripu ya glukosi asilimia 10.