Miwani ya mazoezi ya kuruka kwa ala: huficha ardhi, haifichi kivuli

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijifunza kurusha ndege kwa kutegemea ala pekee, yaani vipimo vya mwinuko, kasi na mwelekeo vilivyo mbele ya rubani, katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, na kifaa nilichokivaa kwa saa nyingi zaidi ni miwani ya plastiki ambayo sehemu yake ya juu imetiwa ukungu, ili rubani azione ala zilizo mbele yake lakini asione mbingu wala ardhi. Wanafunzi wengi huichagua kwa kuangalia bei, kwa kuwa ni rahisi ikilinganishwa na saa moja tu ya ndege. Mimi nimeona inastahili kupimwa kwa makini zaidi.

Sharti la kimataifa la kupata idhini ya kuruka kwa ala ni saa 40 za mafunzo ya aina hiyo. Saa 20 kati ya hizo, au 30 iwapo simuleta, yaani mashine ya kuigiza ndege, ni ya daraja la juu, zaweza kufanywa ardhini. Zinazobaki hufanywa angani, na kwa kuwa mawingu hayaji kwa ratiba ya mwanafunzi, sehemu kubwa ya saa hizo huwa ni miwani hii usoni na mkufunzi kiti cha kulia, ambaye ndiye macho ya ndege nzima.

Anachopaswa kujifunza mwanafunzi ni kutoliamini sikio lake. Majimaji yaliyo katika mifereji ya sikio la ndani husogea ndege inapoanza kugeuka, lakini mgeuko ukiendelea kwa kasi ileile majimaji hayo hutulia, na rubani huhisi kwamba amenyooka ilhali bado anazunguka. Akiinyoosha ndege kwelikweli, huhisi ameinamia upande wa pili. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, marubani 20 wasio na mafunzo ya ala waliingizwa katika hali ya kuigiza mawingu, na wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia.

Katika kazi hiyo miwani niliyonunua inafaulu kwa kiasi kikubwa. Ni myepesi, na vishikio vyake ni vyembamba, hivyo haviinui mto wa hedifoni na kuruhusu mngurumo wa injini uingie sikioni. Sifa hii yaonekana ndogo dukani, lakini baada ya saa moja na nusu angani ndiyo inayoamua kama kichwa kitauma au la. Kofia ya plastiki yenye ukingo mrefu, inayotumika badala ya miwani, huziba vizuri zaidi, ila ni nzito na hugongana na hedifoni. Anayevaa miwani ya kusomea, hata hivyo, afadhali achukue kofia, kwani miwani miwili haikai juu ya pua moja.

Kasoro ya kwanza ni mwanya wa pembeni. Rubani Mmarekani James Doolittle alipoondoka, akaruka na kutua bila kuona nje, tarehe 24 Septemba 1929 katika uwanja wa Mitchel Field jimboni New York, chumba chake kilifunikwa kwa turubai. Mimi nilikuwa na upenyo wa upana wa kidole upande wa kushoto, na jicho, hata likikatazwa, huiba. Nilipouziba kwa utepe mweusi, siku hiyohiyo nilipanda futi 200 juu ya mwinuko niliopangiwa bila kutambua, na nikajua kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nikisaidiwa na vilima vya Ngong.

Kasoro ya pili utepe haukuiponya. Asubuhi, jua likiwa chini, ndege inapogeuka kivuli cha fremu ya dirisha hutambaa juu ya ala, na mwanafunzi huujua mgeuko kwa kivuli kabla hajasoma dira. Adhuhuri, jua likiwa karibu na utosi, hila hiyo hupungua, na kwa sababu hiyo nimeanza kuomba zamu za saa sita, joto na mitikisiko yake vikiwemo.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sehemu angavu ya chini ni nyembamba mno, kwa hiyo ili kubadilisha masafa ya redio nalazimika kugeuza kichwa kizima badala ya macho. Kugeuza kichwa ghafla wakati ndege yenyewe inageuka ndiko kunakozua kizunguzungu kikali kuliko vyote. Mtengenezaji angeongeza sentimita moja tu upande wa kulia.

Mwezi Julai, wingu zito lilipolala juu ya jiji, tuliingia mawinguni kwa mara ya kwanza, nikiwa sina miwani. Weupe ulitufunga ghafla na ndege ikatikisika, jambo ambalo plastiki yenye ukungu haiwezi kuliigiza, kwa kuwa huvaliwa ndege ikiwa imetulia. Tangu siku hiyo mkufunzi wangu hunivalisha katikati ya mgeuko, bila kunionya. Kwa matumizi hayo, na utepe wake ukiwa mahali pake, naipa miwani hii nyota tatu kati ya tano, na sijaona sababu ya kununua nyingine kabla ya mtihani.