Nilinunua wafuatiliaji elfu moja, nikaja kuokolewa na grafu ya bure

Natengeneza video za dagaa. Asubuhi nashuka Kibirizi, hapa Kigoma, kuisubiri mitumbwi inayorudi kutoka Ziwa Tanganyika, nafuata mzigo mpaka kwenye vichanja vya kuanikia, jioni nahariri kwenye simu, usiku wa manane napandisha YouTube. Video ya dakika nane inakaribia GB nzima, kwa hiyo kila kosa ninalofanya nalilipia bando.

Mwaka wa kwanza uliisha nikiwa na watu 212 waliosabskraibu, nusu yao ndugu na niliosoma nao. Ndipo nikakutana na tangazo la huduma ya "kukuza chaneli". Elfu arobaini na tano tu, unaletewa wafuatiliaji 1,000 ndani ya siku tatu, na muuzaji akaapa kwamba ni watu halisi. Nikatuma hela kwa simu saa mbili usiku.

Kuja, walikuja. Siku ya tatu chaneli ilisoma 1,230, nikampigia kaka yangu aliyeko Tabora kumringia. Wiki hiyohiyo nikapandisha video niliyoihangaikia siku nne. Iliangaliwa mara 41, na kati ya hao 41 kumi nawajua kwa majina. Wiki tatu baadaye namba ikaanza kuporomoka, maana YouTube huwa inafagia akaunti za bandia, nikajikuta nina 390. Nilipomlalamikia muuzaji akaniambia kuna kifurushi cha "kujazia waliopungua", elfu ishirini. Sikumjibu.

Hasira yangu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu hesabu ningeweza kuipiga kabla. Tangu 2018, ili ulipwe sehemu ya matangazo kwa njia ya video ndefu unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila anayefungua anakaa dakika tatu, unahitaji kufunguliwa mara 80,000. Akaunti za kununua hazikai hata sekunde moja. Tena kununua ni kinyume cha masharti yao, ningeweza kupoteza chaneli yote kwa elfu arobaini na tano.

Sasa nije kwenye kilichonisaidia, nacho nilikuwa nacho kwenye simu siku zote: YouTube Studio, programu ya bure ya YouTube ya kusimamia chaneli yako. Nilikuwa naifungua kusoma maoni tu. Siku moja ziwa limechafuka, hakuna cha kupiga, nikaanza kubonyezabonyeza hadi nikafika kwenye grafu ya video yangu moja ya zamani, inayoonyesha watazamaji wanabaki hadi sekunde ya ngapi.

Mstari ulikuwa unashuka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Kufikia sekunde ya 40, watu 62 katika kila mia walikuwa wameshaondoka. Nikairudia video nione kuna nini hapo. Kulikuwa na mimi! "Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli yenu pendwa, kabla hatujaanza usisahau kusabskraibu, kulaiki, kushea..." Sekunde arobaini kamili nabembeleza watu ambao bado sijawapa kitu.

Lakini mbele kidogo, dakika ya tano, mstari ulipanda. Kilima kidogo, kama kichuguu. Maana yake watu walikuwa wanarudisha nyuma waangalie tena. Pale nilimrekodi mama mmoja anayeanika dagaa: anachukua konzi ya dagaa walioanikwa chini, anaitumbukiza kwenye beseni la maji safi, anakoroga kwa kidole, anamwaga maji taratibu, kisha anainamisha beseni uone mchanga uliobaki chini. Halafu anafanya vilevile kwa dagaa wa kichanja. Beseni linabaki jeupe.

Kesho yake nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja tena na simu yako?"

Nikamwonyesha grafu, nikamwambia watu wanairudia mikono yake. Akaitazama weee, akacheka: "Sasa huu mlima ndiyo mimi?"

Tukapiga upya, kipande hicho peke yake. Dakika tatu na sekunde hamsini, inaanza beseni likiwa tayari mbele ya macho, salamu hakuna. Kichwa nikaandika kama mnunuzi anavyouliza sokoni: "Utajuaje dagaa wa Kigoma wana mchanga?" Ile ya zamani ilikuwa inaitwa "Maisha ya ufukweni, sehemu ya 7". Niambie nani duniani anatafuta sehemu ya 7. Kwenye picha ya mbele nikaweka mabeseni mawili yamekaa pamoja, uso wangu nikautoa. Zamani kati ya watu mia wanaoonyeshwa picha yangu walikuwa hawafiki wawili wanaobonyeza, sasa ni sita. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya 2 na 10 kwa mia, kwa hiyo nami nimeingia darasani.

Kwa miezi miwili ilifunguliwa mara 9,400, kwa wastani wa dakika mbili na nusu, ikaniletea wafuatiliaji 310. Wengi walitokea kwenye utafutaji, na Studio inakuonyesha hadi maneno waliyoandika. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei hadi Agosti 2024, nikawa sina kipya zaidi ya mawese ya shangazi, video ile iliendelea kuingiza watu kila siku bila mimi kugusa kitu.

Video fupi nazo nilijaribu. Kipande cha sekunde 20 kilipata 31,000, nikaruka kwa furaha, kumbe muda wa watu wanaopitisha vidole kwenye video fupi hauhesabiwi kwenye zile saa 4,000. Naziweka kama tangazo, basi.

Studio nayo ina kasoro zake. Grafu inachelewa, unaweza kukaa hadi siku mbili unasubiri, na video yenye watazamaji wachache mno haipewi grafu kabisa, yaani anayeihitaji zaidi ndiye anayekosa. Inakuambia watu wameondoka wapi, haikuambii kwa nini. Hilo utalitafuta kwa macho yako. Halafu ina ulevi. Kuna wiki niliifungua mara ishirini kwa siku, chai inapoa.

Nyota nne kati ya tano. Ile huduma ya elfu arobaini na tano, hata nyota ya kuokota njiani siipi.

Leo nina wafuatiliaji 860 na saa 1,150, YouTube haijanilipa hata senti. Mama wa vichanja ndiye ameshapata wateja watatu wa Dodoma kupitia video ile, mzigo unakwenda kwa basi. Juzi ameniuliza ya migebuka tunapiga lini.