Upinde wa vita wa Waingereza: mabega yangu yanajua

Hii upinde niliagiza Ulaya, ikafika Goma baada ya miezi mitatu na usafiri ukanimaliza mfuko, lakini nilipofungua karatasi nikanyamaza tu. Inanipita urefu! Mti mmoja wa yuu (mti wa Ulaya), upande wa nje mweupe ndio unavutika, wa ndani mwekundu ndio unabanwa, yaani mti wenyewe ni springi. Fundi wangu wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, aliigusa-gusa akasema "papa, huu mti haukulia kwetu".

Sasa kuivuta. Yangu nguvu ya kuivuta ni kilo 36, nikajiona mwanaume, kumbe zile zilizotolewa kwenye Mary Rose, meli ya vita ya Waingereza iliyozama 1545, wanakadiria nyingi zilizidi kilo 45, zingine karibu 80. Waza mfuko wa simenti, uuvute na vidole! Siku ya kwanza nilipiga mishale sita, kesho yake kushika kikombe cha chai ilikuwa shida.

Kilichoniudhi ni ile pembe ya nchani inayoshika kamba, gundi iliachia wiki ya pili na muuzaji hajibu mesaji mpaka leo. Nimeirudishia mwenyewe. Kama unaanza, chukua ya kilo 15 kwanza, na usiivute bila mshale ukaachia, inaweza kupasuka.