Necropotence: unalipa uhai sasa, kadi zinafika mwisho wa zamu

Necropotence ilitoka mwaka 1995 katika toleo la Ice Age la mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Katika kadi zote nyeusi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoona ikichezwa vibaya kuliko zote. Ni uchawi wa kudumu, na gharama yake ni mana tatu (mana ndiyo nguvu ya kulipia kadi), zote nyeusi. Ikishatua uwanjani, hatua yako ya kuvuta kadi inafutwa. Kadi yoyote unayoitupa kutoka mkononi inaondolewa kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotupwa au kuharibiwa, na kutoka mchezoni. Halafu inakuja ile sehemu iliyoipa umaarufu: lipa uhai 1, bila mana hata moja, uchukue kadi ya juu ya rundo lako na kuiweka pembeni kifudifudi. Itaingia mkononi mwako mwanzoni mwa hatua ya mwisho ya zamu yako.

Wengi husoma hapo wakaelewa "uhai 1 kwa kadi 1", wakaanza kulipa. Kinachoamua mchezo ni ule muda wa kufika. Kadi uliyoilipia hutaigusa katika awamu zako kuu za zamu hii. Itafika umeshamaliza kucheza, na karibu kila kitu ulichopata kitasubiri zamu ijayo. Kwa hiyo Necropotence haikuokoi leo, inakuandalia kesho. Ukiwa na uhai 4 na mpinzani ana viumbe watatu mbele yako, kuiweka mezani ni kujichimbia kaburi. Ukiwa na uhai 18 na uwanja umetulia, sijui kadi ya mana tatu inayokupa zaidi ya hiyo.

Wakati sahihi wa kulipa ni awamu yako kuu ya pili, baada ya mapigano, ukiwa umeshacheza kila ulichokusudia kucheza. Hapo unajua umebaki na kadi ngapi na uhai kiasi gani, na kadi zinafika mara tu hatua ya mwisho inapoanza. Kulipa wakati wa zamu ya mpinzani hakukuharakishii chochote, kwa sababu kadi zitasubiri hatua ya mwisho ya zamu yako vilevile, ila utakuwa umetoa uhai kabla ya kujua utauhitaji wapi. Kosa baya zaidi ni kulipa ndani ya hatua ya mwisho yenyewe, baada ya kadi za kwanza kuwa zimefika. Wakati huo mwanzo wa hatua umeshapita, na kadi hizo mpya zitakaa kifudifudi mzunguko mzima hadi mwisho wa zamu yako nyingine. Nimeona michezo ikipotea kwa kosa hilo tu.

Sasa hesabu ya saba. Baada ya hatua ya mwisho inakuja hatua ya usafi, ambapo unatupa kadi hadi ubaki na saba, na kila unachotupa kinatoka mchezoni. Kanuni yangu kwa mchezo wa uhai 20 ni kujaza hadi saba na kusimama. Tuangalie zamu tatu za mtu anayecheza wa kwanza, akiwa na kadi saba mkononi. Zamu ya kwanza anaweka Swamp, ardhi inayotoa mana nyeusi, anacheza Dark Ritual, anapata mana tatu nyeusi, anashusha Necropotence. Mkononi zimebaki 4, analipa 3, uhai unashuka hadi 17. Zamu ya pili anaweka ardhi na kucheza Hymn to Tourach, inayomfanya mpinzani atupe kadi mbili bila kuchagua. Zimebaki 5, analipa 2, uhai 15. Zamu ya tatu anaweka ardhi tena na kiumbe Hypnotic Specter, zimebaki 5, analipa 2, uhai 13. Hadi hapo ameshapata kadi 14 za seti yake, yaani kadi alizojipangia kuchezea. Mpinzani anayevuta kawaida anafikisha 10 zamu yake ya tatu, na mbili kati ya hizo zimekwenda na Hymn. Uhai 7 ndio bei ya pengo hilo, na mkono wa huyu wa kwanza bado umejaa.

Kuna hali mbili ninazopita saba kwa makusudi. Ya kwanza ni nikiwa na mana iliyobaki na uchawi wa papo hapo ambao ungefaa sasa hivi. Kati ya kadi kufika na kutupa kuna nafasi ya kucheza, kwa hiyo kadi ya nane ikiwa Fatal Push, ya kuua kiumbe, naitumia pale pale mwisho wa zamu. Ya pili ni ninapotafuta kadi moja tu itakayoniokoa, na kila uhai wa ziada ni nafasi moja zaidi ya kuikuta. Kumbuka tu kwamba zile utakazotupa hazirudi. Seti inayofufua viumbe kutoka kaburini inagombana na Necropotence kila zamu, na kama hiyo ndiyo njia yako ya kushinda, mimi nisingeziweka pamoja.

Kadi zilizo kifudifudi huruhusiwi kuziangalia hadi zifike mkononi. Kwa hiyo kulipa moja, ukafikiri, ukalipa nyingine, hakukupi habari yoyote mpya kuhusu ulichopata. Amua idadi kwanza. Hata hivyo kila malipo ni tendo linalojitegemea, na mpinzani anaweza kujibu katikati. Ukicheza dhidi ya rangi nyekundu yenye Lightning Bolt, ile inayochoma 3 kwa mana moja, usijishushe hadi 3 wakati ana mana wazi. Mimi hubaki na 7 au zaidi dhidi ya seti ya kuchoma, kwa maana Bolt mbili ni 6. Kusema kweli, dhidi ya seti kama hizo huipunguzia matumizi, na wakati mwingine siishushi kabisa. Uhai ndio fedha yako, na huyo mpinzani kazi yake ni kukufilisi.

Mpinzani akiilenga Necropotence kwa Disenchant au kadi nyingine ya kuvunja, usikae kimya. Malipo hayahitaji mana, kwa hiyo una nafasi ya kulipa kabla uchawi wake haujafanya kazi, na kadi ulizolipia zitakuja mkononi hata kama Necropotence yenyewe haipo tena. Hapa ndipo watu hupata kiwewe wakalipa 8 au 10. Tulia uhesabu. Ikiwa una kadi 7 na ni zamu ya mpinzani, zamu yako ijayo hatua ya kuvuta imerudi, utavuta 1, utacheza labda 3, utafika mwisho ukiwa na 5. Lipa 2, au 3 kama una hakika ya kucheza zaidi. Zinazozidi saba utazitupa, ingawa safari hii zitaingia kaburini kawaida, maana Necropotence imeshaondoka.

Kinachoniuma zaidi kuliko kuvunjiwa ni Pithing Needle. Ni kadi ya mana moja tu, mpinzani anataja jina la Necropotence, na uwezo wa kulipa uhai unafungwa. Lakini kule kurukwa hatua ya kuvuta kunabaki. Huvuti na hulipi. Usipokuwa na njia ya kujiondolea kadi yako mwenyewe, umekwisha. Ndiyo maana hadi leo naweka Nevinyrral's Disk katika seti hii. Gharama yake ni mana 4, inaingia ikiwa imelala, yaani haitumiki hadi zamu yako ijayo, na kwa mana 1 zaidi inafagia viumbe, vifaa na uchawi wote wa kudumu, pamoja na Necropotence na ile Pithing Needle. Disk ina faida nyingine isiyosemwa sana: uhai ukishashuka hadi 3 au 4, Necropotence si mali tena, ni mzigo. Ifagie pamoja na jeshi la mpinzani, urudi kwenye kuvuta kadi ukiwa bado na mkono mzito. Wachezaji wa 1996, katika kile kipindi kinachoitwa Black Summer ambapo seti za Necropotence zilitawala mashindano, walilijua hilo vizuri sana.

Kuhusu mahali pa kuichezea, yaani aina za mchezo zenye orodha zake za kadi zinazoruhusiwa: katika Legacy imepigwa marufuku, na katika Vintage unaruhusiwa nakala moja tu. Nyumba yake kubwa leo ni Commander, ambayo kwa kawaida huchezwa na watu wanne, na huko ndiko inakonifurahisha kupita kiasi, kwa sababu kila mchezaji anaanza na uhai 40 huku bei ya kadi ikibaki 1. Ile kanuni ya kusimama saba inalegea ukiwa na Reliquary Tower au Thought Vessel, ambazo zinaondoa kikomo cha kadi za mkononi. Ukiwa na mojawapo uwanjani na uhai 38, kulipa 15 au 20 kwa mkupuo ni jambo la kawaida. Mpaka wa kusimama naupata hivi: najumlisha nguvu za viumbe wote wanaoweza kunishambulia kabla zamu yangu haijarudi, wa wapinzani wote watatu, naongeza 5, na sishuki chini ya hapo. Tano hiyo ni ya kiumbe atakayetokea bila kutarajiwa. Mezani, mtu aliyechukua kadi 20 huwa adui wa wote papo hapo, kwa hiyo usifanye hivyo kama huna namna ya kulinda zamu moja.

Uhai unarudishwaje? Kadi ninayoipendekeza kabla ya zote ni Gray Merchant of Asphodel. Huyu akiingia, kila mpinzani anapoteza uhai sawa na idadi ya alama nyeusi za mana zilizo kwenye gharama za kadi zako uwanjani, nawe unapata jumla ya uhai uliopotea. Yeye mwenyewe ana alama 2, Necropotence ina 3. Zikiwa hizo mbili tu, kila mpinzani anapoteza 5, na kwa wapinzani watatu unapata 15. Hizo ni kadi 15 nyingine. Exsanguinate inafanya kazi ileile ukiwa na mana nyingi. Katika michezo ya zamani ya uhai 20, Ivory Tower ilikuwa mwenzi mzuri: inakupa uhai 1 kwa kila kadi ya mkononi inayozidi nne, yaani ukianza zamu na saba unapata 3, zaidi ya zile 2 ulizolipa mwisho wa zamu iliyopita.

Sasa jambo ambalo hata wazoefu hukosea. Necropotence haivuti kadi. Inaziweka mkononi. Kisheria hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo inakata pande zote mbili. Orcish Bowmasters, wanaoumiza kila mpinzani anapovuta kadi ya ziada, hawakugusi. Notion Thief, anayejichukulia kadi za ziada unazovuta, hawezi kukuibia. Lakini Sheoldred, the Apocalypse, anayekupa uhai 2 kila unapovuta, hatakupa kitu. Nimeona seti nyingi zilizompanga Sheoldred na Necropotence kama mume na mke, na hawaongei kabisa. Sylvan Library, inayokupa kadi za ziada, nayo inakufa kabisa, kwa sababu inafanya kazi mwanzoni mwa hatua ya kuvuta, na hatua hiyo huna. Phyrexian Arena haina tatizo, kadi yake inavutwa kabla ya hapo.

Kama unataka Sheoldred afanye kazi, tazama Necrodominance ya mwaka 2024, kutoka Modern Horizons 3. Gharama ni ileile, mana tatu nyeusi, lakini unalipa mara moja mwanzoni mwa hatua ya mwisho na unavuta kweli. Kikomo cha mkono ni tano badala ya saba, na kila kitu kinachotaka kuingia kaburini mwako kinatoka mchezoni. Huwezi kulipa kwa kujibu inapovunjwa, na kwangu hilo ndilo linaloiweka chini ya mama yake.

Mana tatu nyeusi zisidharauliwe. Katika seti ya kadi 60 yenye ardhi 24, sipungui vyanzo 20 vya nyeusi ninapotaka kuishusha zamu ya tatu. Katika seti ya Commander ya rangi tatu mara nyingi itakaa mkononi hadi zamu ya sita ikikutazama, na huko afadhali utafute kadi nyingine ya kukupa mkono.

Mwisho, mezani weka kadi za kifudifudi upande wa pili wa mwili wako, mbali na rundo na mbali na mkono, na zihesabu kwa sauti unapopunguza uhai: "kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu, kadi tatu." Zikichanganyika na za mkononi kabla ya hatua ya mwisho hakuna atakayeweza kuthibitisha zipi ni zipi, na katika mashindano mwamuzi ataitwa. Rundo likikuishia wala usiogope: mradi Necropotence ipo na huna hatua ya kuvuta, rundo tupu peke yake halikutoi mchezoni.