Slaidi tano za tumbo la panya: kabla ya kulipa, beba hadubini

Kisanduku hiki cha slaidi, yaani vioo vyenye vipande vyembamba vya tumbo la panya vya kutazamwa kwa hadubini, nilikinunua katika duka moja la vifaa vya maabara huko Wandegeya, Kampala, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na slaidi zote tano nimezikagua kabla ya kuandika haya.

Slaidi ya tatu peke yake ingetosha kunifanya nilipe. Imekatwa kupitia ule ukingo unaoligawa tumbo la panya, mahali ambapo, ukiisogeza slaidi kidogo tu, unatoka kwenye tumbo la mbele lisilo na tezi, lililotandazwa matabaka ya seli bapa yenye keratini, protini ngumu, kama ngozi ya kisigino, na kuingia kwenye tumbo lenye tezi, ambako utando wa ute unanenepa ghafla na kujaa vishimo. Rangi ya hematoksilini na eosini, inayopakwa ili seli zionekane, imekolea vizuri: seli za parieta, zitoazo asidi, zinaonekana nene na za waridi, kila moja na kiini chake cha mviringo katikati, ilhali seli kuu, zitoazo pepsinojeni, chanzo cha kimeng'enya cha protini, zimejikusanya kwenye vitako vya tezi zikiwa za zambarau. Mwanafunzi aliyezoea tumbo la binadamu, ambalo halina sehemu hiyo ya mbele, hudhani kipande cha umio kimeingia kwa bahati mbaya. Mjadala unaofuata huwa mtamu.

Slaidi ya sehemu ya mwisho ya tumbo, karibu na utumbo, haina kasoro. Zilizobaki zinasikitisha. Moja imekatwa nene mno, seli zimelaliana, na nyingine imepoteza seli zake za juu, dalili kwamba tishu ilichelewa kutiwa kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi, ikaanza kujimeng'enya yenyewe. Ile iliyoandikwa "tumbo zima" ina tumbo la mbele tu.

Niliporudi kulalamika, muuzaji alinibadilishia hiyo ya mwisho kwa upole, ila aliyonipa ilikuwa ya simbilisi, akisisitiza kwamba wote ni wagugunaji. Ni kweli, lakini tumbo la simbilisi lina tezi kote, na ukingo niliokuwa nikiutafuta haumo kabisa. Nimeirudisha, na fedha zangu bado nazisubiri. Slaidi ya tatu siirudishi.